Motokari Mbili na Bibi Arusi Mumoja

Mama Furaha wangu,

Salamu toka huku ku ziwa, niko muzima. Leo mudogo wangu ameoa, na bibi arusi alipaswa kutoka Baraka kupanda mulima mpaka Fizi.

Nilikuja na motokari ya patron ninayemuendeshea, ile mupya ya Amerika: vioo pande zote, viti laini, ukigeuza funguo inaitika. Kumbe mwenye duka mumoja wa hapa naye alileta yake, ya Amerika vilevile, lakini ya zamani, mbele ya vita: paa ya turubai, magurudumu membamba sawa ya baiskeli, na kuiwasha ni kuzungusha chuma mpaka jasho.

Shangazi ya bibi arusi alizizunguka zote mbili, akagonga kioo changu na kidole. "Humu nani atamuona? Tulilea mutoto wa kuficha?"

Basi turubai ikakunjwa, bibi arusi akasimama mule ndani, Baraka muzima ikamuona, bamama na vigelegele.

Mimi nilifuata nyuma na masufuria, vikapu vya ndakala, samaki ndogo za kukausha, na shangazi yule yule. Alifunga vioo vyote juu ya vumbi, lisiingie.

Motokari yangu ilipanda bila kukohoa, hiyo uambie batu. Lakini uniwekee ndimu na sabuni za kuondoa harufu, mbele patron hajafungua mulango.

Unikumbatie Furaha.

Baba Furaha