Mlio wa Moto, Mlio wa Wavamizi

Bondeni, Nakuru
18 Februari 1954

Kwa ndugu yangu mkubwa Hezekiah,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye vumbi. Natumaini kifua chako kimepoa, na shemeji na watoto wanakula vizuri. Mimi ni mzima wa mwili; mengine utayasoma polepole, na tafadhali usimsomee mama kabla hujafika mwisho.

Kwanza asante kwa mchango uliotukusanyia huko karakana ya Kisumu. Tulinunua ndoo kumi na mbili. Mwenyekiti wetu wa kikundi cha kujitolea, Joash Omolo, fundi wa boila na mpenzi wa mikutano, alizifungia nyumbani kwake zisiibwe. Mimi ni katibu, kwa sababu nina kalamu. Kipande cha reli tulikitundika mtini karibu na mfereji, na mzee Zeddy ndiye mlinzi wake. Mipigo mitatu mitatu ni moto: leta maji. Mpigo usiokatika ni wavamizi: leta rungu.

Kwenye mazoezi niliona jambo. Ulipopigwa mlio wa moto, walikuja akina mama saba na sufuria; wanaume waliuliza kwanza ni nyumba ya nani. Ulipopigwa wa wavamizi, walitoka wote mbio, hata mmoja mwenye sabuni kichwani. Nililiandika kwenye daftari, nikacheka.

Jumamosi iliyopita, mchana, upepo ukivuma, nyumba ya Gachanja muuza makaa ilishika moto. Unajua Mkikuyu anavyotazamwa kama mwasi siku hizi za Hali ya Hatari, hata mwenye pasi ya serikali. Mlio uliosikika ulikuwa wa wavamizi. Wanaume kama arobaini walifika na rungu, wakamkuta mtu mwenye masizi mwili mzima anatoka moshini na panga, akipiga kelele kwa Kikikuyu. Panga alikuwa amevunjia mlango. Kelele alikuwa akimwita mkewe.

Joash alimpiga wa kwanza, magotini. Wengine walimaliza. Nilisikia fuvu likipasuka, ndugu yangu, kama kibuyu kilichokanyagwa. Mmoja akawa bado anamwamuru aseme wenzake wamejificha wapi, na maiti haijibu. Mkewe alitokea dirisha la nyuma, nywele zinawaka, akauliza mbona hakuna aliyeleta maji. Watu walitazama viatu vyao, na wasio na viatu wakatazama vidole.

Askari walipokuja, Joash na wenzake walisema wao walitii mlio tu, aulizwe aliyeupiga. Zeddy akaapa alikuwa amekwenda kununua ugoro. Askari walimcheka, wakamwambia hawajaona mlinzi anayejitetea kwa kusema hakuwa lindoni, kisha wakamng'oa meno mawili kwa kitako cha bunduki. Kesi ni Jumatatu. Wanadai aliwaita watu makusudi wamwue Gachanja, na siku hizi kamba haikosi shingo.

Hezekiah, Zeddy anasema kweli. Aliyekuwa chini ya mti ule ni mimi.

Niliona moshi, nikashika nyundo, nikapiga mitatu mitatu, kama tulivyokubaliana. Akina mama wakachungulia. Mwanamume mmoja akasema wacha makaa ya Gachanja yajichome yenyewe, yamezoea. Hapo nikakumbuka daftari langu, nikapiga bila kukata. Nilijiona mjanja kuliko Bondeni nzima. Nilitaka waje tu, ndugu yangu. Wakaja.

Barua hii naitia posta leo. Kesho asubuhi nakwenda kwa askari na daftari langu mkononi, nimtoe mzee wa watu. Usipande gari kuja huku. Mtu mmoja wa ukoo wetu kizuizini anatosha. Ndama wangu mpe mama, na umwambie wewe mwenyewe, si jirani.

Nisalimie shemeji na watoto kila mmoja kwa jina lake. Wasalimie pia wenzako wa karakana waliochanga. Waambie ndoo zao zote kumi na mbili ziko salama kwa mwenyekiti, na mpaka leo hazijaingia maji.

Ni mimi mdogo wako,
Khisa