Matundu Matatu Ubavuni

Mdogo wangu mpuuzi,

Barua yako imefika, na imeniudhi. Eti "Dada yangu mpendwa, jikaze." Tangu lini nikawa mpendwa? Miaka yote unaniita Honi kwa sababu ya sauti yangu. Leo umesikia neno saratani, basi unaniandikia kama mtu anayesoma risala msibani.

Sikupasuliwa kifua kizima kama ulivyodhani. Walipitisha kamera nyembamba kama penseli na vifaa vyao kwenye matundu matatu ubavuni, wakatoa kipande cha pafu chenye uvimbe. Waliuwahi ungali mdogo. Kesho yake nilitembea wodini nimebeba chupa ya kukingia maji ya kifua, na mpira wake uliotoka ubavuni, kwa maringo, kama mkoba wa harusini.

Sasa niko nyumbani. Shemeji yako anafua mwenyewe, na mashati yake meupe yote yamekuwa ya rangi ya waridi. Nimemsifu, maskini.

Walitoa na tezi za karibu na pafu, wapime kama ugonjwa umesambaa. Majibu bado. Humu ndani kila mtu ananisemesha kwa kunong'ona, na huko kunong'ona kunanitisha kuliko kisu.

Muuguzi alinionya kwamba nikicheka kidonda kitauma. Mpaka leo hakijauma, na wa kulaumiwa ni wewe. Dada yako ana matundu matatu ubavuni, na hujamwita filimbi! Mgonjwa ni mimi au wewe?

Chukua karatasi nyingine, uniumize.

Ni mimi,
Honi