Tetekuwanga Nyumbani kwa Fundi Nikodemu

Gungu, 3 Machi 2024

Mama mkwe,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kikohozi kimekuachia. Huku kwetu hatujambo, ila watoto wamepata tetekuwanga. Alianza Bariki, akafuata Frida. Zahanati wamesema tuwaweke ndani wasikutane na wenzao, basi nimehamishia cherehani nyumbani, nawaangalia huku nashona.

Ili wasijikune nimewashonea mifuko ya mikono kwa mabaki ya kitenge. Hawajikuni tena, wanapigana ngumi. Dawa ya kupaka, ile ya rangi ya waridi, Bariki amempaka jogoo wa jirani. Jirani amekuja kuuliza kama ni ugonjwa au ni alama ya wizi.

Honorata hajambo, anakusalimu. Tafadhali usijisumbue kuja. Nayaweza.

Mkweo,
Nikodemu

Kalya, 9 Machi 2024

Baba Frida,

Marahaba. Barua yako Meshack wa boti ameniletea ikinuka dagaa. Simu usijaribu, mpaka nipande mlima ndipo ishike, na magoti yangu hayataki.

Umeandika jogoo mistari miwili, binti yangu mstari mmoja. Sasa sikiliza. Honorata hakuugua tetekuwanga utotoni. Ulipozuka huku nilimpeleka Ujiji kwa dada yangu mpaka ukapita. Kwa mtu mzima ugonjwa huo hauna mchezo. Mtenge na watoto. Bora niletee hao wajukuu huku, maana najua wewe hata maji ya kuoga unayaunguza.

Wape uji mwepesi.

Bibi yao,
Veneranda

Gungu, 17 Machi 2024

Mama,

Shikamoo. Hali yako? Hapa watoto wamepona, magamba yanadondoka. Kuwaleta huko siwezi, nyumba bila wao siijui.

Ushauri wako umefika tumeshachelewa. Honorata anayo tangu Jumatano, mwili mzima, hata kichwani na mdomoni. Mwanzo alikuwa ananiamuru kutoka kitandani: geuza maharage, funika ndoo, hilo si shati la Bariki, ni la mteja. Nilikuwa nanung'unika kimoyomoyo. Maharage yaliungua mara mbili. Frida aliwaambia majirani kwamba kwetu tunakula mkaa.

Halafu jana asubuhi amri zikakoma. Nilimwita, hakuitika. Alikuwa anawaka kama jiko na anaongea maneno yasiyoeleweka. Nikampakia kwenye bodaboda katikati yangu na dereva, tukaenda hospitali. Wamemtundikia dripu, wamempa dawa, wakasema mapafu yameanza kuguswa. Leo kaniuliza kama watoto wamekula. Nikatoka nje, nikalia nyuma ya matanki ya maji.

Mama, niliandika kwamba nayaweza. Siyawezi. Njoo.

Nikodemu

Gungu, 9 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo, na pole tena kwa safari. Tangu uondoke Ijumaa nyumba imepoa. Honorata anatembea hadi barazani. Jana kala mgebuka mzima wa kuchoma, akabakiza miiba tu, na kulalamika kwamba chumvi haitoshi, nami nilifurahi mno.

Watoto wanaigiza jinsi tulivyoishi wewe nami. Najua mila haituruhusu kukaa jikoni pamoja. Lakini jiko letu ni lile lile moja, ulisimama kwenye sufuria nami kwenye kinu, na ukamwambia Frida, "Mwambie baba yako asogee." Nami nikasema, "Mwambie bibi nimesikia." Sasa Bariki akitaka chai anamtuma dada yake amwambie baba, na baba yupo mbele yake.

Siku ile ulipomwogesha Honorata kwa maji ya mwarobaini, nilikusikia ukimwambia, "Mumeo si mpishi, lakini hakukimbia." Nilikuwa dirishani nimeshika taulo. Samahani kwa kusikiliza.

Mkweo,
Nikodemu

Kalya, 14 Aprili 2024

Baba Frida,

Marahaba. Nyie hamjambo, mimi sijambo kidogo.

Nimeota vipele. Kumbe hata mimi utotoni sikuugua. Vilianza tumboni, sasa viko usoni, na leo mwenyekiti wa jumuiya amenisalimia kutoka ng'ambo ya shamba. Meshack amekataa kunipandisha botini. Anasema abiria watarukia majini. Barua hii nitaiacha juu ya jiwe, ndipo aichukue, kwa kijiti.

Usimruhusu Honorata kuja, bado hana nguvu. Njoo wewe na Frida. Frida atanipaka dawa mgongoni, huko wewe hakukuhusu. Wewe utapika, na ukifika usimame tu hapo jikoni useme unachotaka kusema. Homa hii hainipi nguvu ya kuongea kupitia mtoto.

Njoo na jora la kitenge uje kunishonea ile mifuko ya mikono. Najikuna.

Mama yako,
Veneranda