Pampu Waliyokataa Kuizima: Kwa Recho Nkeshimana

Mwaka umetimia, Recho, tangu utoke asubuhi kwenda zamu mtamboni kule Biharamulo, na jioni ukarudishwa umefunikwa shuka.

Waliokujua hawahitaji kuelezwa. Mgeni kutoka Kabanga alikula kwanza, shida yake akaulizwa baadaye. Wazee uliwapa shikamoo kutoka ng'ambo ya barabara, kwa sauti ya kushtua ng'ombe.

Kazi yako ilikuwa kuangalia pampu ya tope, ile inayosukuma mawe yaliyosagwa na maji kwenda kwenye matangi ya dhahabu. Ulienda kazini na mwiko. Ncha moja kwenye pampu, nyingine sikioni, unasikiliza. Mumeo Mayunga alikutania, "Mama Nshoma, hiyo pampu nayo umeipikia ugali?" Ukamjibu, "Inakula vizuri kuliko wewe, na hainuni chumvi ikizidi."

Kisha mlio ukabadilika. Ulirudi ukasema inakwaruza kama mtu anayetafuna changarawe, shimo la tope linafurika, lakini kinachofika matangini ni kidogo. Fundi Jovitus akaifungua. Impela, lile gurudumu la ndani lenye mabawa, lilikuwa limeliwa hadi limebaki jembamba. Chujio nalo limechanika, mawe makubwa yanapita tu. Jovitus alisema wazi: izimwe, impela ibadilishwe, chujio liwekwe jipya. Na wewe ulisema hivyo hivyo.

Meneja akawajibu, "Tukisimama tutakula nini? Fungeni puli kubwa kwenye mota, mkanda uizungushe haraka."

Wakafunga. Tope likafika matangini, wakapongezana. Lakini mwendo ule ndio ulioimaliza impela. Pampu ikatetemeka, na bomba lake likatetemeka nayo. Jovitus akarudi tena kwa meneja. Akaambiwa asubiri mwisho wa mwezi.

Siku ile mumeo alikushika mkono mlangoni. "Leo usiende."

"Nisipoenda watamweka mwenzangu Ndayisenga, na yule ana mimba kubwa."

"Basi na wewe una watoto!"

"Najua, baba. Lakini siwezi kubaki nyumbani yeye akaenda."

Ukaenda. Bomba lilichomoka kwenye pampu likakupiga kifuani.

Msibani meneja alisimama akasema ni kazi ya Mungu. Mumeo akainuka: "Puli alifunga Mungu?" Wazee wakamvuta akae. Pampu waliitengeneza wiki hiyo hiyo, impela mpya, chujio jipya, kila kitu. Kumbe vipuri vilikuwa stoo siku zote.

Juzi wametuma mtu nyumbani. Eti leo, kwa heshima yako, watasali pale mtamboni, wafanyakazi wote wasimame kimya, na pampu izimwe.

Mumeo akamwuliza, "Izimwe?"

"Ndiyo, mzee. Kwa ajili ya marehemu."

"Kwa hiyo inazimika."

Mumeo akamwambia apeleke salamu: sisi tutasali hapa nyumbani, kaburini kwako.

Unakumbukwa na mumeo Mayunga. Watoto wako Nshoma na Magdalena. Mama yako Ntirampeba wa Murukulazo. Kaka yako Niyongabo wa Keza. Mawifi, mashemeji, na wenzako wa zamu.

Hutatoka mioyoni mwetu kamwe, Recho. Na kimya hatutakaa.