Mama Mkwe Anasema Sauti Ile Si ya Mwanawe

Ndugu Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie maana nyumba yetu hapa Katandala haina amani, mume wangu Muhidin, dereva wa lori, alifariki mwaka jana akaacha sauti yake kwenye kanda, anamsalimia mama yake ambaye haoni, na kila Ijumaa mama mkwe husogea karibu na mashine yetu kuukuu amsikilize mwanawe ndipo ale, sasa kanda ikaanza kukatika, nikaibeba pamoja na mashine hadi kwa mwalimu Zenon kule Malangali, yeye ana mashine mpya, akainakili kwenye kanda nyingine, ila ilikuwa fupi, akapunguza mwendo ili maneno yote yaenee, tukasikiliza pale pale kwenye mashine yake, Muhidin mwenyewe, nikarudi na furaha yangu nikarekodi maulidi juu ya kanda ya zamani, maana madukani kanda hakuna. Ijumaa nikaweka ile mpya, kumbe mashine yetu ina mwendo mmoja tu, ule wa haraka, sauti ikatoka nyembamba, inakimbia kama kifaranga aliyepotelewa na mama yake. Mama mkwe akasema, "Huyu si mwanangu. Mmemfanya nini mwanangu?" Tangu hapo amelala, hata uji anaukataa, na shemeji yangu Uledi anataka aige sauti ya marehemu turekodi upya, mama atulie. Nimkubalie? Mwalimu naye amehamishiwa Milepa. Naona nimemuua mume wangu mara ya pili.

Kulsumu, Katandala

Kulsumu, pole kwa msiba. Lakini nani alikutuma ufute ya zamani kabla hujaijaribu mpya kwenye mashine ya nyumbani, ile anayoisikiliza mama? Usiache mbachao kwa msala upitao, wewe umeuacha.

Sasa futa machozi. Sauti haijaharibika, imekosa mashine yake. Usiibane kanda kwa kidole ili ipunguze mwendo, itakatika, na huna nyingine. Uledi aache maigizo, ashuke Milepa amwombe mwalimu aje na mashine yake. Kanda ibaki nyumbani. Kumwigizia mama asiyeona sauti ya marehemu ni dhuluma, tena atajua ni Uledi. Siku hiyo atakuwa amempoteza na huyu mwana aliyebaki.

Ila barabara unaijua, na mgonjwa hangoji lori. Leo hii kaa kitandani kwake, mwambie ulichofanya. Akikugombeza, nyamaza. Kisha mkaririe salamu zile kwa mdomo wako, maana Ijumaa zote hizo umeshazijua kwa moyo. Kama mashine itachelewa, basi ichelewe, lakini mama asife akidhani salamu za mwanawe zimepotea.