Fundi wa Kofia Yako

Ng'ambo, Unguja
Mei 1956

Baba Mwatima,

Nakutaka hali. Sisi wazima. Paa la uani nshalizibisha, halivuji tena, na yule mbuzi wetu kazaa pacha.

Nimefurahi kusikia kofia niliyokupelekea umeivaa Idi huko Mombasa, na rafiki zako watatu wanataka za namna ile. Umeniuliza fundi ni nani.

Fundi ni Mwatima, mwanao. Huyo huyo uliyesema akili yake nzito, hafunziki, na wageni wakija afichwe chumbani. Ulipoondoka nilimpeleka kwa Bi Wanu, jirani yetu anayeshona kofia. Mwezi mzima Bi Wanu alimfunza kushona kitundu kimoja tu, katika vile vinavyopamba kofia, na hakumkaripia hata siku moja. Sasa akikosea hufumua mwenyewe, haambiwi na mtu. Na hashonei chumbani. Huketi mlangoni, kila apitaye akamwona.

Hizo kofia tatu mimi simwagizi. Mwombe wewe. Barua iandike kwa jina lake, nami nitamsomea.

Mkeo,
Mama Mwatima