Udi wa Trekta

Mtoni, masika

Bi Mwatima mke wangu,

Salamu zangu zikufikie hapo Chwaka kwa mama, nawe umpe shikamoo yangu hata kama bado kaninunia. Huku mvua haijakatika. Lile trekta bovu la kukatia majani nililolinunua hotelini Uroa, nikalifungua vipande ukumbini mpaka ukahama, sasa linawaka. Nshalitoa uani, na ukumbi nshaupiga deki.

Kilichonisumbua ni kiti chake. Kilinuka panya, na jua la kukianika hakuna. Nikakifukiza kwa udi wako, chetezo kizima. Harufu ikamfikia Bi Nassra jirani, akaja mlangoni: "Mansour, mkeo yuko kwao, udi wa nani huu? Umeoa?"

Nikamwacha aondoke na dhana yake. Nilijua maneno yatafika Chwaka kabla ya magharibi, nawe utakuja mbio kunigombeza. Nikapika chai ya watu wawili, nikakaa barazani kukungoja.

Hukuja. Wiki nzima sasa, hukuja hata kunitukana.

Basi sijaoa, Mwatima. Rudi nyumbani. Udi umebaki kipande kimoja, na hicho sikitii kwenye trekta.

Mumeo, wa mke mmoja,
Mansour